Tupeane uzoefu: miji ya kale ya Japani, kutembea kwa miguu Magome hadi Tsumago

Mwanzisha uzi
Wakuu, tukusanye hapa ya msingi kuhusu bonde la Kiso, hasa kipande cha Magome hadi Tsumago. Ni sehemu ya Nakasendo, barabara ya zamani iliyounganisha Kyoto na Edo (Tokyo ya leo), yenye miji 69 ya kupumzikia wasafiri. Tuandike ya vitendo tu: usafiri, mizigo, chakula, na yanayokwamisha watu.

Mpanda Vilima
Anzia Magome, usianzie Tsumago. Magome iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, Tsumago kama 420, na kilele cha njia kinakaribia 800. Ukitoka Magome unamaliza mlima mapema, miguu haijachoka, halafu unateremka karibu njia yote. Ukigeuza, mlima unakuwa karibu mara mbili. Jumla ni kilomita 8 hivi. Tenga saa tatu ukiwa mtu wa kusimama na kutazama.

Kutoka jiji la Nagoya panda treni ya JR (kampuni za reli za Japani) hadi Nakatsugawa, ile ya kasi ni kama dakika 50, kisha basi la karibu nusu saa hadi Magome. Kurudi, toka Tsumago kwa basi hadi stesheni ya Nagiso. Pasi ya JR ya siku 7, ile ya kupanda treni zao mara nyingi kwa malipo ya mara moja, ilipanda hadi yeni 50,000 Oktoba 2023, kwa hiyo kwa safari hii pekee ni hasara. Kata tiketi za kawaida.

Dada wa Ratiba
Nasisitiza mabasi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ni machache, na la mwisho huondoka mapema. Ratiba inafuata saa 24: 15:40 ni saa tisa na dakika 40 alasiri, msije mkachanganya na saa zetu.

Kwenye mabasi mengi ya vijijini unapanda kwa mlango wa nyuma au wa kati na kuchomoa kijikaratasi chenye namba. Ubao ulio juu ya dereva unaonyesha nauli chini ya namba hiyo, na inapanda kadiri basi linavyokwenda. Unalipa wakati wa kushuka, unatumbukiza kijikaratasi na pesa kamili kisandukuni. Kisanduku hicho kwa kawaida hakirudishi chenji. Pembeni kuna sehemu ya kuvunja noti ya yeni 1,000. Ukija na ya 10,000 umejitafutia shida. Vunja pesa mjini kabla.

Mpanda Vilima
Ahsante dada. Niongeze: sanduku la magurudumu halifai kabisa, kuna ngazi na mawe yaliyopangwa tangu enzi. Ofisi za utalii za miji hiyo miwili husafirisha mizigo, lakini hupokea asubuhi tu na si misimu yote. Njiani mtakuta kengele zimetundikwa. Zipigeni kwa nguvu, ni za kuwafukuza dubu. Baridi kali ikiingia, mawe yale hushika barafu na kuteleza vibaya.

Mama Jikoni
Kwa Waislamu: tatizo si nguruwe peke yake. Mirin na sake, ambazo ni vileo vya mchele, huingia kwenye mchuzi, samaki wa kuchoma, hata mboga. Nyumba za wageni za kifamilia, minshuku, hupika kwa idadi ya waliotarajiwa, hivyo taja masharti yako wakati wa kuweka nafasi. Ukisema umeshakaa mezani, utabakiwa na wali. Gohei mochi pia, wali uliopondwa na kuchomwa kwenye kijiti, hupakwa mchuzi wa soya au miso (soya iliyochachushwa) pamoja na jozi. Uliza umetiwa nini.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili au saa moja, na mwenyeji hukusubiri. Ukichelewa, piga simu.

Mwanzisha uzi
Na adabu za ndani?

Mama Jikoni
Viatu vinabaki mlangoni. Ndala za ndani zinaishia kwenye mkeka wa tatami, hapo ni soksi au miguu mitupu. Chooni kuna ndala zake, usitoke nazo. Yukata, joho jepesi la pamba unalopewa na mwenyeji, inafungwa upande wa kushoto juu ya kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Bafuni unajisugua na kujisuuza nje ya beseni kwanza, ndipo unaingia kwenye maji, na kitambaa chako hakigusi maji hayo.