Tupeane uzoefu: leseni mpya ya Uingereza na ile miaka miwili isiyoandikwa kwenye kadi

Wakuu, habari za majukumu. Dar nimeendesha miaka 11. Huku leseni ya nyumbani inakubalika miezi 12 tu, kwa hiyo nimerudi kufundishwa kona kama mtoto, nikafaulu mara ya tatu. Kadi imefika juzi. Naigeuza mbele nyuma, 4b inaonyesha miaka 10 ijayo, nikajua mambo shwari. Jirani ananiambia bado niko kwenye uangalizi miaka miwili. Mbona kadi haisemi? Waliopitia mtujuze.

Babu wa Leicester
Haisemi na haitasema. 4a ni siku kadi ilipotolewa, 4b ni siku inapoisha. Miaka yako miwili imeanza siku ile uliyofaulu barabarani, hata kama kadi imechelewa wiki tatu. Angalia tarehe ya cheti ulichopewa na mkaguzi, kitunze. Ukifikisha pointi 6 za makosa ya barabarani kabla miaka hiyo haijaisha, leseni inafutwa. Hiyo 11 ya Dar hawaihesabu, pole.

Mama Twins
Mimi yalinikuta. Zilibaki wiki tano. Niko kwenye taa nyekundu, mama katuma ujumbe wa sauti, nikainua simu sikioni. Gari la polisi lilikuwa ubavuni kwangu, wala sikuliona. Pauni 200 na pointi 6 kwa mpigo. Barua ya kufutiwa ilikuja miaka miwili imeshapita, nikapiga vigelegele kwamba nimepona. Wapi! Wanaangalia siku ya kosa, siyo siku ya barua. Nikaanza upya: leseni ya lena (anayejifunza), mtihani wa nadharia, barabarani tena. Miezi saba nimepanda basi na mapacha, mvua ile mnaijua. Na ule ujumbe wenyewe mama alikuwa anauliza kama nimekula.

Kijana wa Mwanza
Wengi hawajui kwamba pointi za ulena zinakufuata. Nilikuwa nazo 3 kabla ya kufaulu, nikaja kupigwa picha ya mwendo, 3 nyingine. Jumla mnaijua.

Mkamba wa Hamburg
Ujerumani nako ni miaka miwili, ila wao wanahesabu tangu ulipopata leseni ya kwenu. Yangu ya Kenya ilikuwa ya 2012, kwa hiyo mitihani nilifanya yote lakini uangalizi haukunigusa. Aliye ndani ya uangalizi asionje hata bia moja akishika usukani. Kosa kubwa moja, miaka miwili inakuwa minne, na darasani unarudi kwa pesa yako.

Mleta mada
Nimekitafuta cheti, kilikuwa kwenye droo ya vijiko. Simu kuanzia leo inasafiri kwenye buti. Na ile P ya kijani ya kubandika kwenye gari, ya dereva mpya, ni lazima?

Babu wa Leicester
Hiari. Mimi niliibandika, wakapunguza kunipigia honi.