Tumeuziwa "mwongozaji mwenyeji" Amazon, tulipofika kumbe ni mbeba mizigo

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivi hivi.

Nililipia safari ya kuangalia ndege Tambopata, kusini mashariki mwa Peru. Tangazo la kampuni lilijaa picha za wazee wa Ese Eja, kabila la wenyeji wa msitu ule, na tuliahidiwa kuongozwa na mtu aliyezaliwa msituni. Bei ilikuwa juu kwa sababu hiyo hiyo. Kufika Puerto Maldonado tukakabidhiwa kijana wa mjini mwenye simu na spika. Mwenyeji alikuwepo, ndiyo, mzee mmoja: anaendesha boti na kutubebea stendi za darubini.

Siku moja msituni yule mzee alisimama ghafla akainua mkono. Siafu wa kule walikuwa wanakatiza njia, na yeye alishasikia ndege wanaowafuata ili wadake panzi na buibui wanaokurupushwa. Watu wanavuka bahari kuwaona ndege hao! Kijana akasema ratiba imebana, twende. Mbele kidogo akawasha spika, akarudia sauti ya ndege mmoja mpaka nikamwomba azime. Ndege anadhani eneo lake limevamiwa, anaacha shughuli zake anakuja kugombana na mashine.

Kilichoniuma zaidi ni collpa, ule ukuta wa udongo wenye chumvi kando ya mto, ambao kasuku wakubwa wenye mikia mirefu huja kuula asubuhi. Hawashuki hivi hivi. Wanajaa kwanza mitini, wanapiga kelele, wanachungulia, mmoja anajaribu, ndipo wengine wanafuata. Mzee alizima injini mbali. Kijana akamwamuru asogee wateja wapate picha. Kundi zima likaruka, hawakurudi tena asubuhi ile. Na aliyefokewa mbele yetu ni mzee!

Nilimuuliza analipwaje. Posho ya boti tu, na bakshishi. Wakati jamii ya Infierno, hapo hapo Tambopata, iliingia mkataba 1996 wa hoteli ya msituni ulioipa asilimia 60 ya faida. Kwa hiyo wasiniambie haiwezekani.

Niliomba kitabu cha malalamiko, ambacho sheria ya Peru inamtaka kila mfanyabiashara awe nacho. Nikaambiwa kimebaki ofisini. Ofisini nikaambiwa meneja kasafiri.

Nataka sehemu ya hela yangu irudi, na mzee alipwe kama mwongozaji, maana ndege wote wa maana ametuonyesha yeye. Mwenye kujua namna ya kufungua lalamiko Indecopi, taasisi ya serikali ya Peru ya kulinda wateja, ukiwa nje ya nchi hiyo aweke utaratibu hapa.