Maduka ya miwani Dar, hivi kumuuliza mteja kompyuta yake iko umbali gani ni dhambi?

Wakuu, leo nimewaka, mnivumilie.

Nimefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari sina neno nao, sasa hivi nasoma kibao cha daladala ikiwa bado iko mbali. Kasheshe ni vya karibu. Lenzi unayowekewa ndani, hii ya kawaida, ina umbali wake mmoja basi, haijirekebishi kama ile uliyozaliwa nayo, na wengi wetu inapangwa ionee mbali. Sawa, miwani nitavaa. Ila mimi ni mhasibu, nashinda kwenye Excel.

Jeraha limepona, naenda kupima. Mpimaji kanisomesha herufi za ukutani, kanishikisha kadi ya kusomea, kaandika plasi 2.50, "kalipie kwa dada pale." Kazi yangu hakuuliza. Jamani, kwa jicho lililopangwa kuona mbali, plasi 2.50 ni ya sentimita 40, yaani gazeti mkononi. Hesabu ni nyepesi, nguvu ya lenzi unaipata ukichukua 1 ukagawanya kwa umbali wa mita. Skrini yangu iko kama sentimita 65, hapo nahitaji 1.50 na kidogo. Kwa ile waliyonipa, 3 na 8 ni mapacha mpaka niinamie meza. Unafungaje hesabu za mwezi hivyo?

Narudi kulalamika, dada ananiambia, "Baba, chukua progresivu, inaona kote." Laki tatu na ushee. Inaona kote kweli, maana nguvu ya lenzi inabadilika toka juu (mbali) hadi chini (karibu), ila sehemu ya kompyuta ni kinjia chembamba katikati ya lenzi, na kukipata lazima ninyanyue kidevu kama nanyolewa ndevu. Kutwa nzima! Jioni shingo haigeuki, na ukitazama pembeni safu za Excel zinapinda.

Juu yake wakanibandika blukati, ile ya kuchuja mwanga wa bluu, eti mwanga wa kompyuta unachosha macho. Mwaka 2023 Cochrane, wale watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 17, wakaona lenzi hizo huenda hazipunguzi kabisa huo uchovu, angalau kwa muda mfupi. Kwa hiyo nimelipia rangi ya bluu inayong'aa nikipigwa picha.

Kinachouma zaidi, miwani ya machinga Kariakoo, plasi 1.50, elfu tano tu, kwenye skrini inaishinda hiyo ya laki tatu! Ningebaki nayo, ila jicho la kushoto lina astigmatizimu, yaani uso wa jicho haukupinda sawasawa, herufi zinaota kivuli, na miwani ya kuokota haitibu hilo. Inabidi ichongwe.

Nikawaambia wachukue tepu, nikae nionyeshe skrini yangu inapokaa, wapime. Jibu: "Hatuna utaratibu huo." Utaratibu wa kuniuliza fremu nimeipenda wanao.

Bima ya kazini ndiyo imeshaliwa na ile 2.50, mpaka kipindi kingine.

Naomba mwenye kujua duka hapa Dar linalochonga miwani ya kompyuta peke yake, umbali mmoja, na astigmatizimu humo humo, ataje na bei. Na wale wa juisi ya karoti leo msinichokoze, lenzi yangu ni ya plastiki, karoti itaifanya nini?