Ukoo wa Mzee Pandu (Muyuni na Mjini): Ijumaa

[06:41] Da Zuwena: Asalaam alaykum. Hitma ya bibi ni kesho baada ya alasiri, msije mkasema hamkuambiwa. Kitoweo tushapata, Makame na wasasi wenziwe wamerudi na paa alfajiri hii. Nani analeta sufuria kubwa? Nataka jibu kabla ya saa mbili.

[06:58] Da Zuwena: Alama za buluu naziona.

[07:03] Da Zuwena: SUFURIA

[07:10] Mwache Fuoni: Waalaykum salaam. Paa gani? Akiwa nunga mie simo, msitutie kesi na watu wa misitu.

[07:12] Makame: Si nunga. Nunga ana mkanda mweupe matakoni, huyu hana. Na kibali ninacho.

[07:13] Seif: Kiza chote kile we wamkagua mwenzio matako 😂😂

[07:15] Makame: Alijileta mwenyewe bwana. Hakukimbia hata. Mbwa wamefika yeye kasimama tu, udenda unamtoka, kama anangoja daladala. Nikachinja. Baraka za bibi hizo.

[07:16] Da Zuwena: Bibi alikuwa mwema, Mungu amrehemu. Sufuria jamani

[07:31] Khamis Mifugo: Makame, hakukimbia?

[07:33] Makame: Hakukimbia.

[07:34] Khamis Mifugo: Basi usiendelee kumchuna. Paa mzima akisikia jani tu hayupo. Anayesimama kumtazama mbwa huku mate yanamtoka, mie la kwanza nafikiria kichaa cha mbwa. Namibia tandala wamekufa kwa maelfu kwa kichaa hicho hicho, msidhani ni maradhi ya mbwa peke yake. Alikonda? Damu ilikuwaje, iliganda?

[07:36] Makame: Damu iliganda vizuri. Mwembamba kidogo. Tumbo nshapasua zamani.
[picha]

[07:37] Seif: Ini lina chunusi, lipakeni liwa

[07:41] Khamis Mifugo: Madoa hayo meupe mara nyingi ni minyoo, kwa hilo peke yake ungelitupa ini ukaishia hapo. Damu ingekuwa nyeusi haigandi, inatoka puani na nyuma, tumbo limefura upesi, ningekwambia kimeta, na mzoga wa kimeta hapasui mtu kabisa. Nitazamie mapafu: yamenata mbavuni? Yana vijipu vya usaha? Kwenye tezi za shingoni je? Lakini kikubwa ni ule udenda. Mikono yako ina jeraha?

[07:44] Makame: Kidole tu. Kisu cha juzi.

[07:45] Seif: Cha pete hicho? Mchumba ataghairi 🤣

[07:46] Da Zuwena: Si utapikwa moto mkali? Maradhi gani yatasalia

[07:49] Khamis Mifugo: Dada, moto unaua. Tabu ni kwa anayeshika kibichi. Makame, sabuni na maji ya kumiminika dakika 15, kisha spitali ukawaeleze, wakuanzishie chanjo. Kichaa kikishajitokeza kwa mtu hakina dawa.

[07:52] Makame: Ntakwenda baada ya sala ya Ijumaa.

[08:20] Shangazi Mize: Mambo ya nyama yenye walakini nayajua mie. Mbuzi wa arubaini ya kaka yangu mapafu yalinata mbavuni vivyo hivyo, mtu akasema kateni hapo tu. Aliyesema yumo humu. Na elfu themanini zangu za mbuzi huyo anazijua zilipo.

[08:22] Da Zuwena: Shangazi, yale tushayazika

[08:23] Shangazi Mize: Mlizika nini? Mlimla.

[08:24] Seif: 💀

[08:31] Da Zuwena: Hesabu zilitoka daftarini siku ile, kila mtu aliona. Turudi kwenye hitma.

[08:32] Shangazi Mize: Daftari lako.

[08:57] Babu Pandu: [ujumbe wa sauti 1:12]

[09:01] Mwache Fuoni: Kwa wasiofungua sauti: babu kasema zama zao za nyavu, mnyama asiyekimbia mbwa walirudishwa wasimguse. Kasema kuchinjwa kachinjwa, lakini bibi yenu hasomewi kwa nyama ya mashaka. Na Makame aende spitali sasa hivi, mgonjwa hana Ijumaa.

[09:02] Da Zuwena: Sawa babu.

[09:02] Seif: Sawa babu.

[09:10] Makame: Nishapanda gari. Nyama nimeifunika kwa jamvi.

[09:11] Khamis Mifugo: Jamvi tu? Mbwa wako hapo? Ichimbiwe shimo refu, anayeishika avae glavu. Na mbwa wamechanjwa?

[09:19] Makame: Simba kachanjwa. Wale wawili si wangu.

[09:20] Khamis Mifugo: Wa nani?

[09:48] Da Zuwena: Basi kitoweo tununue samaki, kila nyumba elfu tano, nitumieni mie.

[09:49] Shangazi Mize: Sitoi mpaka zangu zirudi.

[10:15] Da Zuwena: Khamis, jambo moja. Paja la nyuma nilimpelekea mwalimu wa chuoni asubuhi, kabla ya haya yote.

[10:16] Khamis Mifugo: Mpigie sasa hivi.

[10:17] Seif: Mie simo

[11:40] Da Zuwena: Simu haipokelewi. Wako msikitini.

[14:05] Khamis Mifugo: Mwalimu kapatikana? Na shimo nani kachimba?

[16:47] Bi Tatu Chake: Jamani ndo nashika simu saa hizi. Sufuria kubwa ninayo mie, ila iko huku Pemba.