Msahaulifu au mzembe? Naombeni neno la Kiingereza lisilomwonea mtu

Wakuu, habari zenu.

Natakiwa kuandika tathmini ya mwenzangu kazini, kwa Kiingereza, na inakwenda kwa bosi asiyemfahamu. Jamaa ni mchapakazi kwelikweli, ila anasahau. Anaacha funguo zinaning'inia mlangoni. Anatuma barua pepe inayosema "tazama kiambatisho", ukifungua hakuna kitu. Ukimkumbusha anarekebisha palepale, tena anaomba radhi. Nasita kati ya "careless", "forgetful" na "negligent". Kamusi niliyonayo inayafanya yote kama ndugu wa tumbo moja.

Kalamu Kavu:
Mkuu, "negligent" usiliguse kabisa. Lina harufu ya mahakamani: mtu alikuwa na wajibu, akautelekeza, na mara nyingi kuna aliyeumia. Daktari aliyesahau mkasi tumboni mwa mgonjwa, huyo sawa. Wa kiambatisho hajafika huko.

"Careless" nalo linalaumu. Linasema angeweza kuwa makini ila hakujisumbua. Kwa unavyomweleza, huyu ni "forgetful". Lipo pia "absent-minded", la mtu ambaye akili yake imezama kwingine. Waingereza wana profesa wao wa namna hiyo kwenye hadithi, wanamcheka kwa upendo.

Mzee wa Rasimu:
Huyo wa kiambatisho nadhani ni mimi 😂

Ila angalieni mtego mmoja: msije mkaandika "forgettable". Hiyo ni kumwambia bosi kwamba mtu huyu hana lolote la kukumbukwa, yaani yeye ndiye anayesahaulika. Na "carefree" si pacha wa "careless" hata kidogo. Ni mtu asiye na wasiwasi wa maisha, na kwa kawaida ni sifa nzuri.

Bi Nukta:
"Absent-minded" ni tamu kwenye masimulizi, kwenye tathmini litaonekana kama utani. Mimi ningeacha sifa kabisa niandike kitendo: "He occasionally forgets attachments but corrects this at once." Sifa inamganda mtu, kitendo kinarekebishika. Hiyo "occasionally" usiitoe, ndiyo inayobeba haki yake.

Mwanzisha uzi:
Bi Nukta, sentensi nimeichukua kama ilivyo, ubarikiwe. Sasa nina wa pili: huyu hasahau chochote, analipua tu kazi. Ripoti ina makosa ukurasa hadi ukurasa, ukimuuliza anasema "itapita".

Kalamu Kavu:
Huyo sasa ndiye "careless", bila kumwonea. Kama unaisema kazi yenyewe, "slapdash" ndiyo kulipua hasa, ingawa ni la mazungumzo kidogo. "Sloppy" linaeleweka kila mahali lakini lina ukali wake, bosi akilisoma ataanza kumtazama mtu kwa jicho jingine.

Mzee wa Rasimu:
Au "reckless"?

Bi Nukta:
Hapana, mzee. "Reckless" anaiona hatari na bado anaiendea, kama dereva anayeovateki kwenye kona. Huyu wa ripoti hahatarishi maisha ya mtu. Na yeye pia mwandikie kitendo: "His reports often contain errors he could catch with one more reading." Hapo bosi anajua tatizo, na jamaa anajua cha kufanya.