Mrejesho: Grini kadi yangu na duka la Kariakoo

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama naweza kusimamia duka langu la vipuri Kariakoo bila kupoteza grini kadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani. Wengi mlisema niwe naingia kule kila miezi sita, nalala wiki mbili, nageuza. Mwanasheria alicheka. Kumbe ofisa wa uwanja wa ndege hahesabu tarehe tu, anaangalia maisha yako yako wapi. Na ukipitisha mwaka mzima nje bila kibali, kadi peke yake haitoshi kukuingiza.

Basi nikaomba kibali cha kurejea, fomu I-131. Lazima uwe ndani ya Marekani siku unayoituma, halafu usubiri kuitwa alama za vidole. Hapo niliumia: kontena limeshashuka bandarini Dar, mimi niko Houston nahesabu gharama za storeji. Ila kibali kimetoka, miaka 2. Kodi nimejaza kama mkazi, mapato ya dukani yakiwemo. Kujiandika si mkazi ni kujichongea mwenyewe.

Uraia ndio utachelewa, maana kibali hiki hakizuii muda wa kuishi Marekani unaohesabiwa kwa uraia kukatika. Shemeji yenu kanuna kidogo.