Tupeane uzoefu: mtoto aliyeitwa mzito darasani, kumbe wakati wake ulikuwa bado

Mwalimu wa Awali (mwanzisha mada)

Walimu na wazazi, habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu wa jambo moja: mtoto aliyeitwa mzito, mvivu au mkaidi darasani, kumbe mwili au akili yake ilikuwa haijalifikia jambo alilokuwa akidaiwa. Tueleze tulichokiona: umri wake, alichofanya, alichosema, na mwalimu alibadilisha nini.

Naanza mimi. Nina watoto wa miaka 3 na 4 wanaohesabu moja hadi ishirini bila kukwama, kama wanaimba. Namwekea mmoja vizibo saba mezani, anavigusa kimoja kimoja hadi saba, safi kabisa. Namuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu... Bado hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla ya vyote. Wengi hulishika hilo karibu na umri wa miaka 4, wengine mapema, wengine baadaye kidogo.

Mzazi akisikia ishirini imetajwa, anataka mtoto apewe kujumlisha kwenye daftari. Mimi daftari silitoi kwanza. Namwambia mtoto, "Nipe vizibo vitano," kisha nasubiri. Akinikabidhi konzi nzima, tunaendelea kugawana, kupanga na kuhesabu vitu vya kushika. Siku akisimama mwenyewe kwenye tano, hapo ndipo namfungulia mlango wa kujumlisha.

Mama Pacha

Asante kwa mada hii mwalimu. Wanangu ni pacha, wa kike na wa kiume. Walipokuwa na miaka 5 wa kike aliandika jina lake ndani ya mstari, wa kiume alikamata penseli kwa ngumi na herufi zikatoka nje ya ukurasa. Aliambiwa hajitumi. Bahati nzuri tulipata mwalimu aliyemwondolea mistari kabisa. Akawa anafinyanga udongo, anatunga shanga, anachora duara kubwa ubaoni kwa mkono mzima, anakata karatasi kwa mkasi butu. Penseli ilirudi baadaye, fupi, nene, na vidole vikaishika vyenyewe. Chakula kimoja, nyumba moja, mimba moja, na bado kila mmoja alikuwa na saa yake.

Mhudumu wa Afya

Nimwongezee Mama Pacha. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo bado ni gegedu, yaani kitu laini kinachonyumbuka kama cha sikio, na mfupa mmoja mmoja huimarika kwa miaka mingi ya utoto. Misuli midogo ya vidole na mfumo wa fahamu unaoiongoza navyo vinakomaa taratibu. Mpangilio ni kutoka katikati ya mwili kwenda nje: bega kwanza, kiwiko, kisha vidole. Kwa hiyo yule mwalimu aliyeanza na mduara mkubwa ubaoni alifuata njia ya mwili wenyewe.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mimi nina kisa cha maji. Kwenye somo la vipimo nilijaza bilauri mbili zinazolingana, darasa zima likakubali maji ni sawa. Nikayahamishia ya bilauri moja kwenye chombo chembamba kirefu. Binti wa miaka 6 akanyoosha kidole: "Haya ni mengi, yamepanda!" Nikayarudisha, akasema sawa. Nikayamimina tena, yakawa mengi tena. Mvulana wa miaka 7 akamwambia, "Ni yale yale, mwalimu hajaongeza." Binti akamtazama tu, hakuona tatizo lolote kwenye jibu lake.

Jaribio hili si langu, ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980), aliyeona kwamba watoto wengi hulivuka daraja hili kuelekea miaka 7. Watafiti waliomfuata, Margaret Donaldson akiwemo, walionyesha kwamba namna mtu mzima anavyouliza inaweza kumwangusha mtoto ambaye angejibu vizuri, kwa hiyo tusiigeuze miaka hiyo kuwa sheria. Lakini nilichokiona kwa yule binti nakiamini. Ningeweza kumkaririsha kwamba ujazo haubadiliki, na kwenye mtihani angeandika hivyo. Kichwani mwake maji yangeendelea kuwa mengi. Nikawaachia vyombo na ndoo, wamimine wenyewe, warudishe, wabishane.

Baba wa Mwisho

Naomba nipingane kidogo. "Wakati wake bado" ni maneno yaliyomchelewesha mwanangu. Alikuwa hafuati maagizo, anajibu nje ya swali, na kila tulikouliza tuliambiwa atakua tu. Alipopimwa masikio, ikaonekana ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Alikuwa anasikia nusu ya kila sentensi! Alipotibiwa na kuhamishiwa dawati la mbele, alianza kujibu kile alichoulizwa. Tafadhali, kabla ya kusema mtoto anachelewa kukua, apimwe macho na masikio.

Mwalimu wa Awali

Baba wa Mwisho, hili nimelipokea kwa mikono miwili. Na kusubiri kwenyewe kusiwe kukaa bure. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alisisitiza kutazama kile ambacho mtoto anakiweza akisaidiwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo mafunzo yanapopata nafasi. Wako alihitaji kusikia. Wa vizibo anahitaji nihesabu naye kuelekea tano kisha nimwachie ataje mwenyewe namba ya mwisho.

Mwalimu wa Sekondari

Huku kwetu sekondari tunasahau kwamba wanafunzi wetu nao bado wanakua. Balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana wengi, 9 na 14 kwa wavulana. Darasa moja lina mvulana mwenye sauti nzito na mwenzake anayeonekana bado wa msingi, umri wao sawa. Aliyetangulia kurefuka anachukuliwa kama mtu mzima na kukemewa zaidi, wakati sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Kuna pia usingizi. Kijana akishabalehe, homoni ya usingizi huanza kutoka usiku zaidi kuliko utotoni, ilhali bado anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Kipindi cha kwanza asubuhi nilikuta vichwa mezani. Sasa sianzi na maelezo. Wanasimama wawili wawili, wanatatua swali la jana ubaoni, chaki mkononi. Dhana mpya naiingiza wakishaamka.

Mlezi

Fupi tu: angalieni mwezi wa kuzaliwa. Kwenye darasa la watoto wa miaka 6, mmoja anaweza kumzidi mwenzake miezi 11. Hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya maisha yake yote, na wanafanya mtihani mmoja.

Mwalimu wa Awali

Mlezi, umenipa kazi, kesho napanga upya vikundi vyangu nikiwa na tarehe za kuzaliwa mkononi. Walimu wa darasa la nne na la tano bado hatujawasikia. Watoto wa miaka 9 na 10 wakikutana na sehemu na desimali, mnaona nini? Wanakwama wapi, na mnawashikisha nini mkononi?